Mkuku wa Kagongwa

Kiangazi kikikaza Kagongwa, hata maji ya kunywesha ng'ombe huwa ya kutafuta. Hapo ndipo tulipojenga boti ya doria.

Ilikuwa na urefu wa mita kumi na nne, chuma kitupu, imekalishwa juu ya magogo nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Upepo ukigeuka, pumba zote zilihamia kwetu, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kufagia sitaha. Wafanyabiashara wa mchele walisimama kwenye uzio wakatuuliza gharika inaanza lini. Mmoja wao alinipa jina la Mama Nuhu. Jina likanikaa, hata muuza chai akawa ananiita hivyo bila kucheka.

Mimi ni Elieth. Nilikuwa nimemaliza chuo cha mambo ya bahari Dar es Salaam mwaka mmoja na miezi minne nyuma, na kazi yangu pale ilikuwa kukagua kila mshono wa kuchomelea, kuupima, kisha kutia sahihi kwenye fomu. Mwenye karakana alikuwa Leodgar, mtu wa Ushirombo, tuliyemwita Baba Blessing. Kwa miaka ishirini alitengeneza matangi na mabomba ya migodini, na alipoomba kazi ya boti wengi walidhani amechanganyikiwa. Hoja yake ilikuwa rahisi. Chuma kinashuka kwa treni Isaka, hapo jirani. Mafundi wanaojua kuunganisha chuma wako hapa, maana migodi imewalea. Ziwa lenyewe lina maji tu. Boti ikiisha itapakiwa kwenye lori kubwa, ipelekwe Nungwe upande wa Geita, itiwe majini.

Tulipewa boti moja ya majaribio. Ikipokelewa, kikosi cha doria cha ziwani kingetuagiza nyingine nne. Isipopokelewa, zote nne zingenunuliwa ng'ambo, kama ile waliyokuwa nayo, ambayo wakati huo ilikuwa na mwezi wa saba imefungwa gatini ikisubiri fundi aje kwa ndege kufungua shafti yake. Wavuvi visiwani walikuwa wakiporwa injini, na wa kuwafukuza wezi hayupo. Chuoni tulifundishwa kwamba nguvu ya nchi majini haipimwi kwa vyombo vilivyoko gatini. Inapimwa kwa watu wanaoweza kujenga kingine hicho kikizama. Wenzangu waliandika hayo kwa ajili ya mtihani. Mimi niliyaamini, na ndiyo yaliyonileta Kagongwa.

Meja wa kikosi alikuwa anakuja kukagua Jumatatu. Alhamisi asubuhi nikafungua friji.

Friji lenyewe ni bovu. Ndani yake tumefunga taa ya wati mia inayowaka mchana na usiku, na humo tunaweka rodi za kuchomelea ili zisipate unyevu. Nyuma ya pakiti zetu nikaona pakiti nisiyoijua. Ilikuwa imechanwa, na zilibaki rodi saba tu. Nikasoma maandishi ya ubavuni. Nikayasoma tena.

Mzee Marselino alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa uji. Ndiye aliyekuwa fundi wetu mkuu. Alianza kuchomelea Mwadui akiwa kijana, akazunguka migodi mingine kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa na sitini na moja. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havikunjiki tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Umeamkaje?"

"Salama. Hizi rodi ni za nani?"

Akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa akifanya jambo jema. "Zangu hizo. Siku nastaafu msimamizi aliniuliza nataka zawadi gani. Wenzangu walitaka baiskeli. Mimi nikataka rodi. Unazijua? Ndizo tulizokuwa tunafunika nazo meno ya buldoza. Yanachimba mwamba mwaka mzima, hayaliki."

"Na zilizokuwa humu zimekwenda wapi?"

"Kwenye mkuku." Alipangusa uji mdomoni kwa mgongo wa mkono. "Nilisikia Nungwe kuna mawe. Nikasema hii boti yetu ikipanda ufukweni kila siku, tumbo litaisha. Nimeufunika mshono wote wa uti wa chini wa boti, mita tisa. Siku ile ulipokwenda Kahama kufuata rangi. Nilitaka kukwambia, nikasema hapana, kitu cha kutoa kwa moyo hakitangazwi."

Niliitikia tu. Sikumbuki niliitikia nini.

Nilichukua tupa nikaingia chini ya boti, nikalala chali kwenye vumbi la pumba. Mshono wa mkuku ulikuwa mzuri kuliko mishono yote aliyowahi kufanya, umelala sawasawa kama mkeka uliosukwa. Nikaipitisha tupa. Kwenye chuma chetu tupa hukwangua na kuacha alama. Hapa iliteleza kama juu ya kioo, haikuacha hata mkwaruzo. Nikabaki nimelala pale. Fomu namba kumi na saba, mshono wa mkuku, ilikuwa na sahihi yangu. Nilirudi kutoka Kahama jioni ile nimechoka, nikaona mshono unapendeza, nikasaini kwa macho.

Kuna dawa nyekundu ambayo unaipulizia kwenye chuma, unasubiri dakika kumi, unaifuta, kisha unapulizia nyingine nyeupe kama unga wa muhogo. Kama kuna ufa, hata mwembamba kuliko unywele, wekundu uliojificha ndani hutoka na kuchora mstari juu ya weupe. Ijumaa asubuhi nilifanya hivyo kwa mita moja ya mkuku. Mistari myekundu ilitoka ikiukata mshono kwa upana, mmoja kila baada ya upana wa kidole, imepangana kama meno ya kitana.

Nilimwita Mzee Marselino. Aliinama akatazama bila wasiwasi wowote.

"Hizo? Hizo ni za kawaida. Zile rodi lazima zichanike zikipoa, ndivyo zilivyo. Kule mgodini tulikuwa hata hatuziangalii."

"Mzee, kwenye jino la buldoza hazina shida. Lile ni nene kama mguu wangu. Hili bamba ni milimita sita. Wimbi likipiga, bamba linacheza, na ule ufa utashuka kutoka kwenye mshono mgumu uingie kwenye bamba lenyewe. Utatembea taratibu. Siku moja utafika upande wa pili."

"Linacheza vipi? Chuma cha milimita sita?"

"Linaingia na kutoka. Kila wimbi."

"Injinia." Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angefoka. "Mimi nimechomelea vitu vilivyobeba tani mia mbili. Havikucheza. Unataka niukwangue mshono ule kwa sababu ya maji?"

Nilikwenda kwa Leodgar. Alinisikiliza amesimama, funguo za gari mkononi, macho yake barabarani. Kila Ijumaa kulikuwa na pikapu nyeupe iliyokuja kutoka Segese, ya mkandarasi mmoja anayehudumia mgodi, na haikuja kununua kitu. Ilikuja kutafuta watu. Wiki mbili nyuma ilimchukua Davis, fundi wetu wa pili kwa ubora.

"Inaelea au haielei?" aliniuliza.

"Inaelea, Baba Blessing. Itaelea miezi sita, labda mwaka."

"Meja hatapima mkuku. Atapima injini, atapima unene wa bamba ubavuni, atanywa chai. Kesho tunapaka rangi."

"Askari tisa watakuwa wanalala humo."

Alikaa kwenye kiti, akaziweka funguo mezani. Alikuwa mtu mkubwa, lakini pale alionekana kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mashine nikizikosa naweza kununua nyingine. Banda likiungua nitajenga. Ila hawa mafundi tisa walioko hapa, wakisikia kazi imekataliwa, Jumatatu jioni watakuwa Segese. Hutawaokota tena. Na hiyo nchi unayoizungumzia kila siku, itakuja kuanza upya na nani? Nikipasua mkuku leo, Jumatatu Meja anakuta boti iko wazi tumboni. Atasema nini?"

Alikuwa anasema maneno yale yale ya chuoni, ila yeye aliyasema kwa hofu, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nayapinga.

"Sahihi ni yako," alimaliza. "Ila fundi wa kuukwangua ni Marselino peke yake. Mwingine akigusa pale atatoboa. Kamshawishi."

Nilirudi bandani. Mzee alikuwa ananoa ncha ya nyundo yake, hakunitazama. Nikakaa kwenye ndoo ya pembeni na swali likanitoka lenyewe.

"Mzee, umewahi kupanda boti?"

Aliijaribu ncha kwa kidole gumba. "Ziwa nimeliona kwenye kalenda," alisema. "Na dirishani mwa basi, nikienda kwenye msiba Mwanza."

Niliwatazama wengine waliokuwa wakisugua kutu. Nikawauliza mmoja mmoja. Mmoja aliwahi kuvuka kwa kivuko akiwa mgongoni mwa mama yake, hakumbuki. Basi. Watu tisa walikuwa wamejenga boti ya doria kwa miezi kumi na moja na hakuna aliyejua inafanyaje ikiwa majini. Niliwapa vipimo. Niliwapa michoro na majina ya Kiswahili na ya Kiingereza ya kila taruma, zile mbavu za ndani za boti. Maji sikuwapa. Mzee alifikiria adui wa boti akampata anayemjua, yaani jiwe, akaweka kinga yake bora kabisa dhidi ya jiwe.

Nilirudi kwa Leodgar nikaomba pikapu ya karakana.

"Mmebakiwa na siku mbili na nusu, na wewe unataka kumpeleka mtu kutembea?"

"Nikimwamuru atakwangua kwa hasira, au hatakwangua kabisa. Naomba akaone."

Alikuna kichwa kwa muda mrefu. "Nendeni. Kesho saa kumi jioni muwe hapa. Mkichelewa nafungua kopo la rangi."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, mimi nikiendesha. Mzee Marselino alivaa shati lake la kanisani na viatu vilivyong'aa, akabeba rozari mfukoni. Tulipita Kahama kukiwa bado na giza, Segese jua linachomoza juu ya vifusi vya mawe. Hapo aliamka kidogo akaanza kuonyesha: "Kinu kile nilikifunga mimi, tangi lile tulilibeba kwa kreni mbili likakataa kusimama." Baada ya Geita mjini akaitoa rozari. Kila nilipotazama saa, nilihesabu tena kilomita za kurudi.

Nungwe tulimkuta Fredy, ambaye ana boti ya chuma ya kubebea barafu na samaki kutoka visiwani. Nilikuwa nimempigia simu. Alimtazama mzee na viatu vyake, akanitazama mimi.

"Huyu ndiye fundi wa boti?"

"Ndiye."

"Fundi wa boti haogelei?"

"Ninyi mnachimba dhahabu?" mzee alimjibu. "Mbona mmevaa pete?"

Fredy alicheka mpaka akakohoa, akamfunga jaketi la kujiokolea yeye mwenyewe. Lakini tulipotoka nje ya ghuba na upepo wa asubuhi ukatukuta, utani wa mzee uliisha. Mkono mmoja ulishika rozari, mwingine ulishika mkanda wa Fredy.

"Mzee, shika boti," Fredy alisema. "Ukinishika mimi tutaondoka wawili."

Nilimwomba ashuke nami chini, kwenye ngama, ambako tumbo la boti liko wazi na unayaona mataruma na bamba lenyewe. Kulikuwa na harufu ya samaki na dizeli, na maji ya kifundo cha mguu. Alivua viatu vyake vya kanisani akaviweka juu ya taruma. Nikauchukua mkono wake wa kulia nikauweka kwenye bamba.

Wimbi la kwanza lilipita. Akautoa mkono haraka kama ameungua. Akaurudisha. Wimbi la pili, la tatu. Nilimwona akifumba macho, jinsi afanyavyo anapousikiliza mshono unaopoa.

"Linapumua," alisema.

"Ndiyo."

"Chuma hiki. Linapumua kama ubavu wa ng'ombe."

Alitambaa kwenda mbele akiwa anapapasa bamba kwa viganja vyote viwili, amesahau kuogopa, hadi akafika mahali palipobandikwa kipande kinene cha chuma, cheusi, chenye mishono juu ya mishono. Maji yalikuwa yanachuruzika ukingoni mwake.

"Hapa pana nini?" aliita.

Fredy alichungulia kutoka juu. "Hapo ndipo panaponimalizia hela. Nilipasua kwenye mwamba, fundi mmoja akanibandikia chuma kinene, akaniambia hapo hata risasi haipiti. Kweli hapo hapajavuja. Panavuja pembeni yake, kila mwaka. Tukiziba, panapasuka mbele kidogo."

Mzee Marselino aliweka kidole chake kisichokunjika kwenye ukingo wa kile kipande. Upande mmoja bamba lilikuwa likipumua, upande wa pili limekaa kimya, na katikati ndipo maji yalipokuwa yanapita. Alikaa pale muda mrefu, suruali yake ya Jumapili imelowa mpaka magotini.

"Nimeweka hii kitu mita tisa," alisema hatimaye, bila kunigeukia.

Nilikuwa naona vizuri kwamba nilichomletea pale kilikuwa kizito, na sikujua kama ataweza kukibeba.

Njiani kurudi tulikuta foleni ya malori kabla ya Segese, tela limepinduka. Saa nane ikapita tumesimama. Saa tisa. Nilimpigia Leodgar, simu haikupokelewa. Mzee alitazama mbele tu. Mara moja alisema, "Yule Fredy alikuwa anamlipa fundi kila mwaka kwa kosa la yule fundi." Nilipoanza kumfariji akainua mkono ninyamaze.

Tulifika Kagongwa saa kumi na moja kasoro. Kopo la rangi lilikuwa wazi. Ubavu mzima wa kushoto ulikuwa umeshapakwa rangi ya kijivu, unang'aa, na Leodgar mwenyewe alikuwa amepiga magoti karibu na mkuku, brashi mkononi. Sijui kama alikuwa anaanza au alikuwa anasubiri. Mzee Marselino alitembea moja kwa moja, suruali imekauka na magamba ya samaki, akamnyang'anya brashi kwa adabu, akaiweka juu ya kopo.

"Baba Blessing, nipe grenda na diski zote ulizonazo."

"Jumatatu asubuhi Meja yuko hapa."

"Najua."

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza, wote, kisha tukaja moja kwa moja bandani. Ule mshono uligoma kama alivyokuwa ametaka ugome. Diski moja ilikuwa inaisha kwa urefu wa kiganja. Mzee alilala chali chini ya boti siku nzima, cheche zinamwangukia shingoni, na kila alipomaliza kipande nilipulizia dawa nyekundu na nyeupe, tukatazama. Palipobaki mstari hata mmoja aliendelea kuchimba. Mafundi wengine walipokezana kumshikia taa na kumpa maji. Hakuna aliyeuliza kuhusu Segese. Jua lilipokuwa linazama tulikuwa tumemaliza mita nne na nusu. Nusu ya mkuku ilikuwa safi, nusu ilikuwa na ule mshono mzuri wa kufa mtu, na katikati, palipochimbwa zaidi, tumbo la boti lilikuwa limefunguka, mkono unapita.

Meja alikuja Jumatatu saa tatu. Aliitwa Vumilia, mwanamke wa makamo, mfupi, daftari dogo mfukoni. Leodgar alianza kumpeleka kwenye injini. Mimi nilikuwa nimeshika fomu namba kumi na saba na nilikuwa nimeshapanga maneno tangu alfajiri. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Marselino alitoka chini ya boti.

"Shikamoo, mzee," Meja alimwamkia.

"Marahaba, afande. Kabla hujaona kingine, njoo uone nilipokosea."

Meja aliinama, kisha akavua kofia, akalala chali kwenye pumba kama tulivyokuwa tukilala sisi. Mzee alimweleza yote: jino la buldoza, zawadi ya kustaafu, mkono wake kwenye boti ya Fredy. Hakunitaja. Nikainama nikasema, "Mshono huu niliusaini mimi, afande, bila kuupima." Leodgar alikuwa ametazama pembeni, kwenye mashine za mpunga.

Meja alitoka akajipangusa. "Unaweza kuziba mbele yangu? Kipande tu."

Mzee alichukua rodi za kawaida kutoka kwenye friji. Alichomelea urefu wa mkono, akasubiri upoe, nikapulizia nyekundu, tukasubiri zile dakika kumi, wafanyabiashara wa mchele wamejazana uzioni. Nikafuta, nikapulizia nyeupe. Ilibaki nyeupe. Meja aliitazama hadi nikadhani ameona kitu nisichokiona.

"Wangapi hapa wanaweza kufanya hivi?"

"Wanne," Leodgar alisema. "Walikuwa watano."

"Ile ya kwetu ilipopata ufa, barua ya kumwita fundi ilipitia ofisi sita." Aliandika kitu kwenye daftari. "Siwezi kupokea boti iliyopasuliwa tumbo, Baba. Mnajua hilo. Nawapa siku kumi na nne, halafu nataka kuiona majini."

"Na zile nne?" Leodgar aliuliza.

"Nitaandika nilichokiona. Wanaoamua si mimi."

Alipoondoka Leodgar aliingia ofisini akafunga mlango. Ijumaa iliyofuata pikapu nyeupe ilikuja, na fundi mmoja akapanda. Wanne wakawa watatu.

Boti ilitiwa majini Nungwe siku ya kumi na tatu. Nilisafiri nyuma ya lori njia nzima kutoka Kagongwa, na kwenye kila shimo la barabara nilitazama mkuku. Ilipoteremka kwenye maji na kuelea, watu wa ufukweni walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika kipande cha chaki.

Tulishuka kwenye ngama, mimi na Mzee Marselino, tukaupaka mshono wote wa mkuku chaki nyeupe, mita tisa, kila mmoja akianzia upande wake. Maji yakipenya hata tone, chaki ingekuwa nyeusi. Injini iliwaka. Juu yetu niliwasikia askari wanakimbia sitahani, sauti ya Meja inatoa amri, kisha tukatoka nje ya ghuba na mawimbi yakaanza.

Mzee aliweka kiganja kwenye bamba. Hakuvaa viatu safari hii.

"Meja aliandika nini kwenye lile daftari?" aliniuliza kwa sauti ya juu kuushinda mlio wa injini.

"Alinionyesha leo asubuhi. Pale kwenye uwezo wa mtengenezaji ameandika: wamekosea wenyewe, wamegundua wenyewe, wamepasua wenyewe, wameziba wenyewe."

Alifikiri. "Hiyo ni sifa au ni lawama?"

"Sijui, mzee. Wanaosoma ndio watakaojua."

Boti iligeuka kwa kasi, wimbi kubwa likatupiga ubavuni, na bamba likaingia na kutoka chini ya mikono yetu. Nilimulika tochi kutoka tezi, nyuma, hadi omo, mbele. Nyeupe. Nikamulika tena. Alinishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake vigumu, akauongoza mwanga urudi nyuma polepole, sehemu ambayo nilikuwa nimeipita haraka.

"Usikague kwa macho, mwanangu," alisema. "Papasa."

Nikaweka tochi chini, nikaanza kupapasa, taruma baada ya taruma, na yeye akanifuata kwa magoti. Tulikuwa na mita nne zimebaki na saa moja ya majaribio.